Viwavi wa Katumba Waliokataa Kufa

Vijana wa kituo wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nimekubali kwa sababu asubuhi sina la kufanya. Mgongo haukubali jembe tena, na macho yaliyokaa kwenye lenzi maisha yote sasa yanagoma hata kusoma gazeti. Kuhusu vyeo sitaandika. Vilikuja kwa kuchelewa na havikubadilisha kitu mezani kwangu. Meza ilibaki ileile, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali. Nitaandika jambo moja la miaka ya tisini ambalo limenichosha kulibeba kuliko kazi zote nilizofanya kwa mikono. Nyie mnaopulizia dawa za bakteria siku hizi na kusoma maelekezo kwenye simu, lisomeni hadi mwisho, halafu mrudi kazini.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka hiyo, ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na Katavi likiwa jina la mbuga tu. Nilitoka chuo cha kilimo na sanduku la bati, cheti, na maringo ya kutosha watu wawili. Kituo chetu cha wadudu waharibifu kilikuwa vyumba vitatu vya bati. Kimoja kilijaa mabomba ya kupulizia yaliyoharibika, kingine kilikuwa cha mafaili, na cha tatu kilikuwa cha Mzee Malando.

Mzee Malando alikuwa wa kabila la Wapimbwe, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alikuwa fundi wa wadudu tangu kabla sijaanza shule. Hakutaka kuona cheti changu. Alinipa kabichi iliyotobolewa na kuniuliza nani kaila. Nikajibu viwavi. Akauliza viwavi gani. Nikaigeuzageuza kabichi. Akanivutia kiti, akaniwekea kabichi mapajani na lenzi mkononi, akasema nikae hapo mpaka mwenye meno ajitokeze. Nilikaa mpaka saa saba mchana. Mwishoni nikamwona: kiwavi wa kijani, mdogo kuliko punje ya mpunga, amejificha chini ya jani. Nilipomgusa kwa unyoya wa kuku alijipindapinda na kujidondosha, akabaki ananing'inia kwa uzi wake kama buibui. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu mwenye alama kama almasi mgongoni akikunja mabawa. Mkulima hamjui kwa almasi zake. Anamjua kwa madirisha anayoyaacha kwenye jani, maana akiwa mdogo anakula upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba upande wa juu, na mwanga unapita. Dawa za sumu kali tulizokuwa nazo zilikuwa zimekwisha kumzoea, au yeye amezizoea, na zilikuwa zinaua nyuki na kuwaumiza wapuliziaji. Kwa hiyo mradi mmoja ulipotuletea makopo ya unga wa bakteria, tulifurahi kama watu walioletewa mvua.

Aliyekuja kutufundisha alikuwa mtafiti wa wadudu, mama wa makamo tuliyemwita Dokta Rehema. Alikuja kwa treni kutoka Tabora na kufika amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini alinawa uso na kuanza kazi saa ileile. Nimesikiliza wataalamu wengi baada yake na sijasikia aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi, hivyo nalirudia kama alivyolisema.

Alituambia kwamba bakteria huyu anaishi kwenye udongo, na anapojiandaa kulala anatengeneza ndani yake punje ya protini. Binadamu akiila punje hiyo haimdhuru. Tumboni mwetu kuna uchachu kama wa ukwaju, lakini utumbo wa kiwavi ni kinyume chake, ni kama maji ya magadi. Punje ikifika kwenye magadi yale inayeyuka, vimeng'enya vya mdudu mwenyewe vinaikata, na hapo ndipo inapokuwa sumu. Kiwavi anajipikia kifo chake. Lakini hata hapo, alisema, bado haijaua.

Mzee Malando akauliza inasubiri nini.

"Inatafuta pa kushika," alijibu Dokta Rehema.

Akatuchorea ubaoni ukuta wa utumbo, na juu yake vitu vidogo kama vishikizo, akaviita vipokezi. Mdudu anavyo kwa shughuli zake mwenyewe, hakuviweka pale kwa ajili ya sumu. Lakini sumu ina umbo linaloshikana navyo. Akatutolea mfano wa kupe, akijua nusu ya wasikilizaji walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kupe hang'ati popote kwenye ng'ombe, alisema, hutembea mpaka apate mahali panapompokea. Sumu ikishika, inajikusanya, inatoboa ukuta, maji yanaingia kwenye chembe hai za utumbo na zinapasuka. Kiwavi anaacha kula siku ileile, na baada ya siku mbili tatu amekufa. Nyuki hana vipokezi vya sumu hii. Kidukari hana. Sisi hatuna. Kwao inapita tu.

Mzee Malando, ambaye hakuwahi kuuliza swali bila sababu, akauliza itakuwaje akizaliwa kiwavi ambaye vipokezi vyake vimekaa vingine. Dokta Rehema akasema anaweza kutokea, mmoja katika wengi mno, na tukipulizia dawa hii peke yake bila kupumzika tutawaua ndugu zake wote na kumwachia shamba. Kwa hiyo tubadilishe dawa, tubadilishe mazao. Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Daftari ninalo mpaka leo. Kuandika si kusikia.

Nilipewa Katumba. Ni makazi ya watu waliokimbia Burundi, na wakati huo walikuwa wamekaa pale miaka kama ishirini. Walikuwa na tumbaku, mahindi, makanisa, na watoto ambao hawakuijua nchi nyingine. Bondeni, kiangazi, wanawake walilima kabichi kwa maji ya ndoo na kuzipeleka Mpanda na hata Tabora. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, hivyo kikundi chao kilikuwa na kibali kimoja, chenye jina la mwenyekiti, na yeye ndiye aliyesafiri na mizigo ya wote.

Mwenyekiti alikuwa Mama Daforoza. Alikuwa mjane mrefu aliyefika Katumba akiwa msichana, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Kopo la kwanza nililompa alilisoma lote, akifuata mistari kwa kidole, mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimesoma. Nilipomweleza habari ya utumbo na vipokezi alicheka polepole, akasema basi hii ni dawa ya kuumwa tumbo. Jina likashika bonde zima.

Msimu wa kwanza ulinipa sifa ambazo sikuzistahili. Viwavi waliacha kula, wakawa weusi, wakalegea kwenye majani. Kabichi zilifunga vizuri hata wachuuzi wa Kashaulili, mjini Mpanda, wakawa wanaziulizia kwa jina la Katumba. Wanawake waliniuliza wapulizie kila baada ya muda gani. Nikasema kila wiki. Niliona dawa ni salama, haina madhara, basi kwa nini wasipulizie. Msimu wa pili nikasema vilevile. Mzee Malando aliniuliza mara moja kama wanabadilisha na kitu kingine, nikamjibu kwamba wakulima hawataki. Sikuwa nimewauliza.

Msimu wa tatu madirisha yakarudi. Mwanzoni ni hapa na pale, kisha shamba zima likawa chandarua. Wanawake walinisimamisha njiani kuniambia dawa imelala. Nilikagua mabomba, nikakagua maji, nikawaambia wapulizie jioni kwa sababu jua linaiharibu, na wapulizie chini ya jani. Walikuwa wanafanya hivyo tayari. Wakati huo mradi ulikuwa unafunga mwaka na ulitaka taarifa, na mkubwa wangu aliniandikia mara mbili kuniuliza kwa nini Katumba imeanguka. Nilikuwa nimetoka kuugua malaria, pikipiki ilikuwa imekufa na nilitembelea baiskeli ya kuazima. Nayataja haya si kwa kujitetea. Nataka mjue tu kwamba uamuzi mbaya mara nyingi unafanywa na mtu aliyechoka anayetaka kurudi nyumbani.

Nilikwenda kwa Mama Daforoza kukagua dawa. Kwenye kibanda chake cha zana nilikuta ndoo ya kuchanganyia imeganda unga mweupe pembeni, na karibu yake bakuli la unga wa muhogo. Dawa yetu ilikuwa na rangi ya kahawia. Nikamuuliza huo unga ni wa nini. Akajibu bila haraka kwamba anapika uji mwepesi sana na kuutia kwenye bomba ili dawa ishike, maana jani la kabichi lina nta na maji yanateleza. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mzee wako," alisema.

Mzee Malando alikuwa likizo ndefu kwao Mpimbwe, na mimi sikuwahi kumsikia akitaja uji. Ningeweza kumsubiri arudi. Badala yake niliona kila kitu kwa mara moja, kama mtu anavyoona nyoka kwenye kamba: mama huyu anapunguza dawa ya kikundi, anaongeza unga wa muhogo, na dawa inayobaki anaiuza anapokwenda mjini na kile kibali. Ilieleza yote. Ilieleza hata yale ambayo sikutaka yaelezwe kwa namna nyingine.

Niliandika taarifa kwamba inaelekea mwenyekiti anachakachua dawa na kuuza sehemu yake. Angalieni hilo neno "inaelekea". Ni mwavuli wa mwoga. Anayeandika hujificha chini yake, na anayesoma halioni kabisa. Mradi ulisimamisha dawa kwa kikundi mpaka wabadilishe uongozi. Kikundi kikamwondoa Mama Daforoza, jina lake likafutwa kwenye kibali, na kabichi chache alizokuwa amebakiza zikaozea bondeni kwa sababu hapakuwa na aliyekubali kumpelekea sokoni. Niliambiwa kwamba kanisani walianza kukaa benchi la mbali naye. Mtu aliyefika nchi ya watu mikono mitupu, akakaa miaka ishirini akijenga jina, mimi nilimbomolea kwa ukurasa mmoja na nusu.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa mtu mwangalifu ambaye hakuna aliyemshuku. Nilimpa makopo mapya, yaliyofungwa, kwa mkono wangu mwenyewe. Alipulizia kila wiki kama nilivyosema. Baada ya mwezi alinipeleka shambani, akageuza jani moja. Walikuwepo, wanene, wakila.

Siku Mzee Malando aliporudi kutoka likizo nilimkuta amekaa mezani na nakala ya taarifa yangu. Alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi. Aliongea kwa upole, na ningefurahi zaidi kama angenitukana.

"Uji wa muhogo nilimfundisha mimi," alisema. "Mwaka juzi, ulipougua mara ya kwanza. Nilikwenda Katumba badala yako."

Nikasema sikujua. Akasema anaelewa kwamba sikujua.

"Umemhoji mtu," akaendelea. "Mdudu umemhoji?"

Kesho yake tulianza. Ni jaribio dogo ambalo nyie mnalifanya kwa vifaa vya kung'aa; sisi tulitumia vikombe tupu vya siagi vilivyofungwa kitambaa chepesi. Tulitafuta viwavi ambao hawajawahi kuonja dawa hii, tukawapata Nsemulwa, mtaa wa Mpanda mjini, kwenye bustani ya mwalimu mmoja aliyekuwa mvivu wa kupulizia chochote. Namshukuru kwa uvivu wake. Wengine tulikwenda kuwaokota Katumba. Mzee Malando alifungua kopo jipya mbele yangu, akaonja unga kwa ncha ya ulimi kunionyesha kwamba si muhogo, jambo ambalo siwashauri mlirudie. Tulichovya vipande vya majani kwenye dawa, vingine kwenye maji matupu, tukavikausha kivulini, tukawagawia viwavi. Kisha tukakaa kusubiri. Kazi yetu kubwa ni kusubiri, na hakuna chuo kinachoifundisha.

Siku ya pili viwavi wa Nsemulwa waliokula dawa walikuwa wameacha kula. Siku ya tatu walikuwa weusi, wamelegea. Wale wa Katumba, wenye jani lilelile na dawa ileile, walikuwa wametafuna mpaka mshipa wa katikati, na chini ya kikombe kulikuwa na kinyesi cha kijani kibichi, ishara ya tumbo lenye afya. Tulirudia. Tukaongeza dawa mara mbili, kisha mara nyingi zaidi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Wachache wa Katumba walikufa. Wengi waliendelea na chakula chao.

Nilikaa nikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Sikuhisi kushtuka, nadhani nilikuwa nimejua tangu siku ile mwenyekiti mpya alipogeuza jani. Nilichohisi ni uchovu wa aina ambayo usingizi hauiondoi. Mama Daforoza alikuwa amepulizia vizuri kuliko wote. Kwa kweli alipulizia vizuri mno, dawa ilishika kila jani na kila wiki, kama nilivyomwagiza, mpaka akabaki yule kiwavi mmoja aliyezaliwa tofauti, na watoto wake, na wajukuu wake.

Mzee Malando alimtumia Dokta Rehema viwavi hai kwa treni, kwenye kisanduku chenye matundu, pamoja na maelezo yetu. Jibu lilichelewa miezi. Lilipokuja, lilisema kwamba wenzake kwenye maabara moja ya nje walichukua utumbo wa viwavi wa Katumba na kuuwekea sumu iliyotiwa alama ili ionekane. Punje ilikuwa inayeyuka kama kawaida, inakatwa kama kawaida. Lakini ikifika kwenye ukuta wa utumbo inateleza. Vile vipokezi vilikuwa vimebadilika. Sumu haikupata pa kushika. Mwisho wa barua aliuliza kama wakulima walikuwa wanapulizia dawa hiyo peke yake kila wiki. Swali hilo sikulijibu kwa barua.

Niliandika taarifa ya pili kuifuta ya kwanza, nikaipeleka kwa mkono. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hapakuwa na lililofuata. Ya kwanza ilifanya kazi kwa wiki mbili. Ya pili haikufanya kazi kamwe. Mzee Malando akasema karatasi haitoshi, nilimsema hadharani basi nikamsafishe hadharani.

Tukaenda Katumba wote wawili. Kikundi kilikusanyika bondeni baada ya ibada, wamekaa kwenye nyasi, na watu wengine wengi walikuja kwa sababu walisikia kuna jambo. Mama Daforoza alikaa nyuma kabisa, amejifunga kitenge kifuani, hakunitazama. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilieleza habari ya viwavi, vikombe, na barua. Wanaelewa haraka watu waliolima maisha yao yote. Niliona vichwa vinatikisika. Kisha nikasema kwamba, kutokana na hali hiyo, kulitokea makosa katika taarifa ya awali.

Sauti yake ndogo ikatoka nyuma, na watu wakanyamaza kama kawaida yao.

"Makosa hayatokei yenyewe kama mvua, bwana shamba. Sema aliyekosea. Na mimi unitaje jina."

Mzee Malando alikuwa anatazama chini. Hakunisaidia, na namshukuru mpaka leo.

"Mimi, Anselmi," nilisema, "niliandika kwamba Mama Daforoza anaiba dawa. Hakuiba. Unga wa muhogo alifundishwa na kituo chetu. Kupulizia kila wiki niliagiza mimi, na hilo ndilo lililoharibu dawa. Mama Daforoza, nisamehe."

Hakujibu kama amenisamehe. Aliuliza sasa viwavi wale watafanywaje.

Mzee Malando akaeleza. Itabidi kung'oa kabichi zote na jamii yake yote bondeni na kukaa kiangazi kizima bila hata shina moja, ili viwavi wale wakose chakula. Walime vitunguu na maharage. Wakija kupanda kabichi tena, nondo wengine wenye matumbo ya kawaida wataingia kutoka nje na kuzaana na waliobaki, na dawa itumike mara chache, kwa zamu na njia nyingine. Hakuahidi kwamba itafaulu. Watu wakanung'unika. Kabichi zilizotafunwa bado ni kabichi. Zinauzika kwa bei ya kusikitisha, lakini zinauzika. Mwenyekiti mpya alisema waziwazi kwamba yeye hawezi kuwaambia watu wang'oe chakula chao kwa maneno ya yule aliyekosea juzi.

Mama Daforoza akainuka. Nilidhani anaondoka. Alishuka kwenye shamba lake alilokuwa amelipanda upya, lililokuwa hatua chache tu, akainama, akang'oa kabichi ya kwanza na kuitupa kwenye tuta. Akang'oa ya pili. Nikamfuata, nikaanza mstari wa pembeni. Hakuniambia niache wala niendelee. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa tuta, na tuliponyoosha migongo niliona wanawake wengine wameingia kwenye mashamba yao. Mpaka jioni bonde lilikuwa limebaki udongo. Mikono yangu ilinuka kabichi kwa siku tatu. Baadaye kikundi kilimwomba arudi kuwa mwenyekiti, akakataa. Alisema amepata nafasi ya kulima.

Kiangazi kile cha vitunguu kilikuwa kigumu. Baadhi waliniambia usoni kwamba watoto wao wamekosa madaftari kwa sababu yangu. Watu wawili walipanda kabichi kwa siri nyuma ya migomba, nasi tukawang'olea, kazi ambayo sitaki kuikumbuka. Mzee Malando alistaafu katikati ya msimu huo na kurudi Mpimbwe. Aliniachia lenzi na vikombe vya siagi, na hakutoa hotuba.

Mwaka uliofuata walipanda tena, kidogo. Viwavi walipojitokeza, kabla mtu hajapulizia chochote, niliwaokota na kuwapeleka Mpanda kwenye vikombe, nikawapa majani yaliyochovywa kwenye dawa. Safari hii nilimpelekea Mama Daforoza ujumbe kwamba kama anaweza kupata ruhusa, aje aone mwenyewe. Sikutegemea. Siku ya tatu alitokea mlangoni, viatu mkononi, amepanda treni ya asubuhi.

Nilimwonyesha vikombe. Hawakuwa wamekufa wote, na nilimwambia hivyo. Kati ya kila watatu, wawili hivi walikuwa weusi, na mmoja anatembea. Alihesabu mwenyewe, akarudia. Nikachukua mmoja wa waliokufa, nikampasua kwa sindano chini ya hadubini, nikageuza kioo kupata mwanga wa dirishani, nikampisha. Ilimchukua muda kuzoea kufumba jicho moja. Kisha akatulia. Nilimweleza anachokiona: huu ndio ukuta wa utumbo, hapa ulipotoboka, hapa sumu iliposhika.

Alitazama muda mrefu bila kuinua kichwa.

"Mdudu mdogo namna hii," alisema, "ndiye aliyenisingizia."

"Hapana, mama," nilisema. "Yeye hakusema neno."

Hakugeuka. Akaishika hadubini kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika kikombe cha moto, akaendelea kutazama.